Namna ya Kulitambua Gari la Kale la Michezo la Italia Unalolikumbuka Nusunusu
Anza na umbo, wala usianze na rangi, kwa kuwa nyekundu ilipakwa na karibu kila kampuni. Jiulize injini ilikaa wapi: ikiwa boneti ilikuwa fupi na matundu ya hewa yalikuwa nyuma ya viti, huenda ilikaa katikati, kama ilivyo katika Lamborghini Miura ya mwaka 1966, ambayo taa zake za mbele zilizungukwa na vipande vyeusi mithili ya kope, alama ambayo kwangu haina mshindani, ingawa toleo la SV halikuwa nayo. Pembetatu puani huashiria Alfa Romeo. Mkuki wa ncha tatu, Maserati.

Jihadhari na Dino 246 GT, iliyotoka Ferrari lakini ikauzwa bila nembo ya farasi, na De Tomaso Pantera, yenye umbo la Kiitalia na mngurumo wa injini ya Ford ya silinda 8. Nembo ndogo ubavuni, kama Bertone au Pininfarina, hutaja mbunifu wa bodi, si kampuni ya gari, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukibakiwa na majina mawili au matatu, linganisha picha za taa za nyuma na vitasa vya milango.