Kuweka nyumba wakfu Dar es Salaam: usiache hati kwa jina la marehemu

Familia nyingi huja kwangu na kesi ileile. Babu alitamka mbele ya imamu kwamba nyumba yake ya Kariakoo ni wakfu wa madrasa, watu wakaitikia amin, yakaishia hapo. Sasa babu hayupo, hati bado ina jina lake, na wajukuu wameshaiingiza kwenye mirathi. Ukitaka yako yasiwe hayo, fuata hivi.

Hatua ya 1. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina ni lako? Kuna rehani ya benki? Kama ni nyumba ya ndoa, pata ridhaa ya mwenzako kwa maandishi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka.

Hatua ya 2. Amua sasa au baada ya kufa. Ukiwa mzima unaweza kutoa yote. Ukisema "nikifa", huo ni wasia: thuluthi tu, ziada ni hiari ya warithi. Aliye katika maradhi ya mauti naye huhesabiwa hivyohivyo.

Hatua ya 3. Andika waraka. Niliwahi kuletewa karatasi ya herufi za Kiarabu, safi kabisa, inayosema "nyumba yangu ya uani, penye mwembe". Mwembe ulishakatwa. Taja namba ya kiwanja na kitalu. Kisha masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, kama Sayyidna Umar, sahaba wa Mtume, alivyoliwekea shamba lake la Khaybar. Mapato nayo yapange: "Kodi ya fremu mbili za mbele itakarabati nyumba kwanza, kitakachobaki kiwalipe walimu." Wengi husahau ukarabati, paa likivuja wakfu unadaiwa. Mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, mtaje kwa jina, na atakayemrithi. Ukiandika "imamu wa msikiti" tu, siku maimamu wakiwa wawili utakuwa umewatengenezea kesi. Saini mbele ya mashahidi na wakili.

Hatua ya 4. Wadhamini. Sajili bodi yao RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, au ikabidhi nyumba kwa taasisi yenye bodi tayari, mfano BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), ila upate barua ya kukubali. Usivuke bahari: Kamisheni ya Wakfu ya Zanzibar haishughuliki na viwanja vya Ilala.

Hatua ya 5. Hamisha hati iingie jina la bodi. Hii ndiyo wanayoiruka, kwa kuwa ina foleni na gharama, na mzee anaona aibu kuharakishwa. Kama itachelewa, weka zuio kwa Msajili wa Hati ili asije mtu akauza katikati.

Akitokea mvamizi, msimvumilie kwa kuoneana haya. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Na wapangaji wa fremu wapewe mikataba, risiti zitoke kwa jina la bodi, si la mutawalli.