Jinsi ya Kumchagua Afisa wa Uzingatiaji wa Sheria na Kumpa Nguvu ya Kufanya Kazi

Kampuni inayotoa mizigo katika bandari ya Mombasa hukutana na sheria za forodha, kodi, hongo, data na ajira ndani ya juma moja, na mara nyingi zote huishia mezani kwa karani ambaye hajapewa mamlaka ya kumkatalia mtu yeyote. Kabla ya kutangaza nafasi ya afisa wa uzingatiaji wa sheria, wakurugenzi wakubaliane kwanza ni hatari zipi atakazozizuia, kisha waziandike.

Kwa biashara ya mizigo, hongo ndiyo inayotangulia. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016, katika kifungu cha 9, inazitaka kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wao, na kifungu cha 14 kinamtaka kila mwenye mamlaka katika kampuni aripoti tukio la hongo, hata likiwa ni la kushukiwa tu, kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data iwapo taarifa za watu zimevuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Muda huo ni mfupi mno kwa afisa anayelazimika kuomba ruhusa ya mameneja watatu kabla ya kunyanyua simu.

Shahada ya sheria ni msaada, lakini haitoshi. Katika usaili, mpe mwombaji faili la kontena moja: ankara, orodha ya bidhaa, tamko la forodha, na katikati yake vocha ya shilingi 15,000 iliyoandikwa "gharama za kuharakisha", isiyo na risiti, ikiwa na saini ya meneja wa shughuli. Anayesema kwamba bandarini ndivyo mambo yalivyo hafai kabisa. Anayetoa hukumu papo hapo bado ana la kujifunza. Unayemtafuta ni yule atakayeuliza fedha zilipokelewa na nani, nani aliidhinisha, na kama zipo vocha nyingine za namna hiyo, kisha aeleze bila kusitasita jinsi atakavyolifikisha jambo hilo kwa bodi na kwa Tume.

Asiwekwe chini ya meneja wa mauzo wala wa shughuli, kwa kuwa hao ndio atakaowakagua. Aripoti kwa bodi, na mshahara wake na kuondolewa kwake viamuliwe na bodi hiyo hiyo. Katika kampuni za kifamilia, ambazo ni nyingi hapa mjini, ninashauri kwa dhati awepo mkurugenzi asiye wa ukoo, kwa sababu ni vigumu mno kwa mwajiriwa kumshtaki mdogo wa mwenye mali mbele ya mwenye mali mwenyewe.

Jaribio kubwa huja siku atakaposimamisha malipo. Kontena likikaa bandarini baada ya siku zisizolipiwa kwisha, ada za hifadhi huanza kupanda, wenye meli nao hudai zao kwa kucheleweshewa kontena, na mteja hupiga simu kila saa. Hapo ndipo lawama zote humwangukia afisa, hata kama alichofanya ni sahihi. Kwa hiyo bodi iandike mapema kwamba gharama ya ucheleweshaji wa namna hiyo ni ya kampuni, haitakatwa kwenye bajeti yake wala kutajwa katika tathmini ya kazi yake, na kwamba zuio lake linaweza kuondolewa na bodi peke yake, tena kwa maandishi yenye sababu.

Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, yawafikie madereva na makarani wa bohari za Shimanzi na Changamwe, maana wao ndio wanaoombwa "chai" getini. Anayetoa taarifa alindwe. Sheria ya Hongo yenyewe inakataza kumtisha au kumnyanyasa mtoa taarifa na shahidi. Halafu, kila robo mwaka, bodi imwite afisa peke yake, bila meneja yeyote chumbani, imwulize ni faili gani aliyozuiwa kuiona.