Somo: Kugeuza Picha kwa Python na Pillow

Picha iliyopigwa kwa kamera ya mbele ya simu huweza kuhifadhiwa maandishi ya fulana yakisomeka kinyume, kama yaonekanavyo kwenye kioo. Katika somo hili tutayarudisha katika hali yake kwa kutumia Pillow, maktaba ya Python (yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha andikwa) iliyorithi ile ya zamani ya PIL. Ndiyo maana jina PIL bado limo katika amri zake.

Hatua ya 1. Sakinisha maktaba kwa amri hii:

pip install Pillow

Hatua ya 2. Andika programu hii na uihifadhi katika folda yenye picha yako:

from PIL import Image, ImageOps
picha = Image.open("fulana.jpg")
picha = ImageOps.exif_transpose(picha)
mpya = ImageOps.mirror(picha)
mpya.save("fulana_mpya.jpg", quality=95)

Mstari wa tatu ndio wengi huuruka, nami nasisitiza usiuache. Simu nyingi zikishikwa wima hazizungushi pikseli zenyewe, bali huzihifadhi zikiwa zimelala na kuandika katika taarifa za Exif, yaani maelezo yanayoambatana na picha ndani ya faili, namba kati ya 1 na 8, inayoielekeza programu ya kutazamia picha namna ya kuisimamisha. Pillow ikifungua picha haiifuati namba hiyo, wala haiihamishi inapohifadhi JPEG isipokuwa umeiagiza. Matokeo yake, picha iliyosimama vizuri kwenye simu hutoka imelala ubavu.

Amri ya mirror hupanga upya kila mstari wa pikseli kuanzia mwisho. Katika mstari wa pikseli 4, zinazohesabiwa kuanzia 0, ya 0 huenda nafasi ya 3 na ya 1 huenda nafasi ya 2, na hakuna rangi inayobadilishwa. Kinachoweza kupunguza ubora ni kuhifadhi tena kwa JPEG, ambako Pillow hutumia kiwango cha 75 usipotaja kingine.

Hatua ya 3. Kupindua juu chini, weka flip mahali pa mirror.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimezungusha picha kwa rotate(45) na pembe zake zimekatwa. Nifanyeje?

Ndugu, Pillow imebakiza ukubwa wa awali, hivyo kilichozidi kimepotea. Andika picha.rotate(45, expand=True, fillcolor="white"), ili turubai ipanuke na nafasi tupu zijazwe rangi nyeupe badala ya nyeusi. Kumbuka kwamba namba chanya huzungusha kinyume cha mwendo wa saa.

Naomba msaada: nembo yangu ya PNG inakataa kuhifadhiwa kama JPEG.

Nembo hiyo ina tabaka la uwazi, yaani RGBA, ambalo JPEG haina nafasi ya kulihifadhi. Ukiuhitaji uwazi huo, ihifadhi kama PNG; usipouhitaji, tumia mpya = mpya.convert("RGB") kabla ya save, lakini itazame kwanza, kwa sababu sehemu zilizokuwa wazi huweza kutokea na rangi usiyoitarajia.