Chanjo ya Mifugo Iliyopitishwa Kwenye Mionzi: Mambo ya Kuzingatia

Mfugaji akisikia kwamba chanjo imepitishwa kwenye mionzi, huwaza kwanza maziwa na nyama. Tuliondoe hilo mapema. Miale ya gama itokayo kwenye kobalti-60, metali inayotoa mionzi, hupenya ndani ya chupa, hufanya kazi yake na kuishia hapo. Dawa haibaki na mionzi, wala mnyama aliyechanjwa.

Kazi yenyewe ni kukatakata vinasaba vya kirusi au bakteria hadi kisiweze tena kuzaliana. Protini za juu ya ganda lake, ambazo kinga ya mnyama huzitambua, hubaki karibu zilivyokuwa. Hapo ndipo mionzi inapoizidi fomalini, kemikali ambayo huua vimelea lakini pia huzibana na kuzibadilisha protini hizo. Kiasi cha mionzi ndicho kigumu. Kikipungua, vimelea hai hubaki. Kikizidi, protini nazo huharibika na chanjo hukosa nguvu. Virusi, kwa kuwa vinasaba vyao ni vifupi, kwa kawaida huhitaji mionzi mingi kuliko bakteria. Mara nyingi vimelea hugandishwa au kukaushwa kabla ya kupigwa mionzi, ili protini zisiharibiwe na kemikali kali zinazozaliwa mionzi inapopiga maji.

Kwa mfugaji, swali la maana zaidi ni hili: vimelea vilivyomo vimekufa, au vimedhoofishwa tu? Muulize daktari wa mifugo kabla hujanunua.

Chanjo ya vimelea vilivyokufa kwa kawaida huhitaji dozi ya pili, na wengi huiacha kwa sababu mnyama anaonekana mzima. Usiiache. Ihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe: ikiganda, kiongeza kinga kilichochanganywa humo huharibika, na kuiyeyusha hakurudishi chochote. Chupa ikishagusana na barafu moja kwa moja, naiona ni ya mashaka.

Chanjo ya minyoo ya mapafu ya ng'ombe ni habari nyingine. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959. Ndani yake mna mabuu hai waliodhoofishwa kwa mionzi: huingia mwilini, huamsha kinga, lakini hawakomai wakawa minyoo ya kuleta madhara. Ndama hunyweshwa, hachomwi sindano. Hupewa dozi mbili zinazopishana wiki 4, kabla hajatolewa malishoni.

Kwa kuwa mabuu hao wako hai, dawa ya minyoo huwaua. Ukimpa ndama dawa hiyo siku zinazokaribiana na chanjo, hasa ile inayokaa mwilini muda mrefu, fedha yako imepotea na ndama anakwenda malishoni bila kinga. Panga tarehe za dawa na chanjo pamoja na daktari, na uziandike kwenye daftari la zizi.