Kupiga picha yale madude ya kuchimba makaa, yasije yakatoka kama midoli

Wadau wa kamera wa Arusha na Moshi, wengi wetu tuna lenzi za porini, milimita 100-400 au 150-600, na kila mwaka kuna watu wanaenda Ujerumani kwa kozi au kwa ndugu halafu wanarudi na picha za stesheni za treni tu. Ukifika kule pita migodi ya makaa ya karibu na Cologne, Garzweiler na Hambach, ukaone mashine za kuchimbia zinazoitwa Bagger 288 na mwenzake 293. Huyo 293 ni tani 14,200, kimo mita 96, urefu mita 225, yaani ukilaza viwanja viwili vya mpira kama cha Sheikh Amri Abeid bado dude linapitiliza. Mbele lina gurudumu la ndoo, kipenyo zaidi ya mita 21, linakwangua ukuta wa udongo usiku na mchana. Sio hivi vijiko vyetu vya kupakia kifusi.

Shida ni kwamba picha inatoka mdoli. Wewe uko ukingoni, mashine iko chini huko kilomita moja na zaidi, shimo lenyewe halina mwisho na hakuna kitu cha kulinganisha. Wengi wanamsimamisha rafiki kwenye reli ya ukingoni ili eti ukubwa uonekane, hapo ndo unaharibu kabisa maana mtu wa karibu anaizidi mashine. Unachotaka ni kitu kilicho palepale kwenye minyororo yake, pikapu ya mafundi, katapila inayosawazisha njia, jamaa wawili wenye reflekta. Vuta lenzi mpaka mwisho, panga fremu yako, subiri pikapu ipite chini ya mkono wa mashine ndo ubonyeze. Ikikosekana, vuta karibu zaidi upate ngazi na reli za kupandia, jicho la mtu linajua ngazi ina ukubwa gani. Na usiwe na haraka aisee, dude likihama linatembea kama mita 10 kwa dakika, mwaka 2001 Bagger 288 ilihamishwa kilomita 22 ikachukua wiki tatu.

Saa za mchana wakati wa joto sahau. Hewa inacheza, na lenzi ndefu inaona mchezo wote. Kama hujanielewa nenda barabara ya Boma kuelekea uwanja wa ndege wa KIA saa saba mchana, piga lori lililo mbali kwa 400, halafu zumu kwenye skrini uone maandishi yanavyoyeyuka, hakuna lenzi ya bei itakayokuokoa hapo. Piga asubuhi mapema, au baki mpaka giza linaanza maana mashine zinawashwa taa na anga bado ina bluu, kwangu mimi hiyo ndo picha yenyewe. Ila mwezi wa sita kule jua linazama karibu saa nne usiku, beba koti na chakula.

Gurudumu ukilipiga kwa spidi ya shata ya 1/1000 ya sekunde linaonekana limezimwa. Weka tripodi, shusha mpaka 1/15 au 1/8, ndoo zivutike kidogo na mwili wa mashine utulie. Zoezi lake unaweza kufanya huku huku, tafuta machimbo ya kifusi, muombe msimamizi kwa adabu, piga kijiko kikimwaga kwenye tipa kwa spidi hizo hizo. Mwanga nao unadanganya, fremu ikijaa makaa kamera inayafanya kijivu, punguza mwanga kidogo, na piga RAW, yaani faili ghafi.

Pa kusimama: Hambach kuna Terra Nova karibu na Elsdorf, Garzweiler kuna Jackerath. Uzio usiruke, kingo zinaporomoka na polisi watakubeba. Kampuni yenye migodi, RWE, imekubali kuacha makaa eneo lile ifikapo 2030, kwa hiyo anayetaka asisubiri sana. Ukitaka kulishika dude kwa mkono nenda Ferropolis, Gräfenhainichen, kuna mashine tano zilizostaafu, pale ndo utumie lenzi pana, upige kutoka chini.

Kwetu Ngaka kule Mbinga wanachimba makaa kwa juu kwa vijiko na tipa, ingia na ruhusa ya wenye mgodi, na droni usirushe bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Lenzi usibadilishie pale nje, vumbi la makaa likiingia kwenye sensa utalia, badilishia ndani ya gari vioo vikiwa juu.