Kulinganisha muswada na machapisho ya kwanza: Preludi namba 20 ya Chopin

Preludi (kipande kifupi cha piano) namba 20 katika Opus 28 ya mtunzi Chopin ina vipimo 13 tu, yaani vigawanyo vidogo vya mapigo, kwa hiyo inamfaa anayeanza kazi hii ya kulinganisha vyanzo. Vyanzo vikuu ni vinne: muswada wa mkono wake, uliohifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Poland mjini Warsaw, na machapisho matatu ya 1839, yaani la Catelin (Paris), la Breitkopf & Härtel (Leipzig) na la Wessel (London). Picha za vyanzo hivi zinasomeka bure mtandaoni.

Kabla ya kugusa nota hata moja, chora nasaba ya vyanzo, yaani kipi kilinakiliwa kutoka kipi. Chapisho la Paris lilichongwa kwenye mabamba ya metali ya kupigia chapa, kutoka kwenye muswada wenyewe. Leipzig walitumia nakala ya mkono ya Julian Fontana, rafiki wa Chopin, na nakala hiyo imepotea. London walifuata Paris. Hapa wengi hujikwaa kwa kuhesabu kura: Paris na London zikikubaliana dhidi ya Leipzig, wanasema ni wawili kwa mmoja. Sivyo. London ni mtoto wa Paris, na mtoto kurudia neno la mzazi si ushahidi wa pili. Aliyewahi kulinganisha nakala za utenzi mmoja anaijua hali hii.

Kisha hakikisha unachokitazama ndicho unachodhani. Paris wameitabaruku kazi kwa Camille Pleyel, Leipzig kwa J. C. Kessler. Namba ya bamba la Leipzig ni 6088, lakini usiishie kwenye namba: mabamba yalirekebishwa na kupigwa chapa tena bila namba kubadilika. Linganisha pia bei na anwani ya mchapishaji kwenye ukurasa wa jina.

Sasa tengeneza jedwali: kipimo, pigo, mkono, halafu safu moja kwa kila chanzo. Andika unachokiona, si unachodhani kilikusudiwa. Pita mara nne, kila mara na jambo moja: nota pamoja na flati (alama ya kuishusha nota nusu hatua) na naturali (alama ya kuifuta flati); pinde (mistari ya kuunganisha nota); alama za nguvu ya sauti; alama za pedali. Ukiyachanganya yote kwa pamoja, jicho litasoma kile sikio lilichozoea kukisikia. Mkiwa wawili, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa kidole.

Kosa la kawaida la mchongaji ni nota kuhama juu au chini kwa mstari mzima; kumbuka pia kwamba alifanya kazi kinyumenyume kwenye bamba, kama anayesoma kwenye kioo. Kwenye muswada, ugumu ni alama ya mkazo ambayo Chopin huiandika ndefu. Mchongaji huweza kuidhania alama ya kupunguza sauti. Pima mwanzo na mwisho wake: ikikaa juu ya nota moja, huenda ni mkazo. Alichokifuta Chopin amekifunika kwa mistari minene iliyopishana, basi kuza picha kabla ya kusema hapakuwa na kitu.

Jaribio lenyewe liko kwenye kordi (nota zinazopigwa pamoja) ya mwisho ya kipimo cha 3. Nota E imepewa naturali mapema katika kipimo hicho, na kwa kanuni naturali hiyo hudumu hadi mwisho wake. Muswada hauna flati mbele ya E ya mwisho, kwa hiyo ukisoma herufi kwa herufi, kordi ni C meja. Lakini katika nakala iliyochapwa ya mwanafunzi wa Chopin, flati imeongezwa kwa mkono, na kordi ikawa C maina. Chopin alisahau mara kwa mara alama za aina hii, hivyo kimya cha muswada hakina uzito mkubwa. Sisi tunaichukua flati.

Ukiichapa, iweke ndani ya mabano, na chini ya ukurasa eleza: muswada hauna, nakala ya mwanafunzi inayo. Mpiga piano anayetaka E naturali aione njia yake bila kulifungua jedwali lako.