Ukiitwa kutoa ushahidi mahakamani

Mimi ni mkalimani wa mahakamani, mwaka wa 19 sasa. Husimama kando ya shahidi, nikiyapeleka maneno yake kwenye lugha ya mahakama na kumrudishia maswali kwa Kiswahili. Kutoka hapo nimeshuhudia jambo linaloniumiza kila mara: mtu mkweli kabisa anauharibu ushahidi wake kwa sababu anataka kusaidia kupita alichokiona. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Hati ya wito ikikufikia, isome yote siku hiyohiyo: namba ya kesi, tarehe, saa, chumba. Wito ni amri, na ukikaa nyumbani bila sababu unaweza kukamatwa. Una udhuru? Iarifu mahakama mapema, kwa maandishi. Kama lugha ya mahakama huimudu vizuri, omba mkalimani wakati huohuo, wala usione haya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika ibara ya 14, unampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo; mahakama nyingi humpa shahidi pia, kwa kuwa ushahidi usioeleweka haumfai yeyote.

Kabla ya siku yenyewe, omba kuyasoma maelezo uliyoandikisha polisi. Kisha kaa peke yako ukumbuke: ulisimama wapi, palikuwa na mwanga gani, nini kilikuziba macho. Usikariri. Na usiketi na mashahidi wenzako "kukumbushana", hata kama ni watu wema, maana neno moja la mwenzako linaweza kukuwekea picha usiyoiona. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, cha kupondana, walikadiria mwendo wa takriban kilomita 65 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria takriban 51. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, wanafunzi 16 kati ya 50 walioulizwa kwa kile kitenzi kikali walisema waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika.

Ukishaapa, sikiliza swali mpaka mwisho, nyamaza kidogo, ujibu hilo tu. Ukiulizwa kama ulimwona mshtakiwa, jibu ni ndiyo au hapana. Usianze na historia ya ugomvi wenyewe. Tumia sauti, kwa sababu kutikisa kichwa hakuandikiki. Nami usininong'oneze, "Mama, mwambie hakimu kwamba…" Kila utakachoniambia nitakitamka wote wasikie, nikisema "niliona" kama ulivyosema wewe. Zungumza na mahakama, vipande vifupi vifupi. Katika kesi kuu ya viongozi wa Wanazi kule Nuremberg, Ujerumani, iliyoanza Novemba 1945, wakalimani wa lugha 4 waliwekewa taa: ya njano ilimtaka msemaji apunguze kasi, nyekundu asimame. Mimi sina taa. Nikiinua mkono, ngoja.

Sasa yale yanayotusumbua sisi tunaosema Kiswahili, na hapa naomba uende polepole nami. Yupo shahidi aliyewaambia polisi kwamba tukio lilitokea saa tatu usiku. Aliyeandika hakujua saa zetu, akaweka 3:00. Kortini akarudia maneno yaleyale, nami nikayatafsiri kuwa 21:00, na wakili wa utetezi akamkamata kwa tofauti ya saa sita. Aliitwa mwongo mbele ya watu ilhali hakubadilisha hata neno moja. Kwa hiyo taja na jua: saa tatu baada ya jua kuzama. Ukisema mkono, gusa mahali penyewe, kwani mkono wetu unaanzia begani hadi vidoleni. Ukisema ndugu, eleza: mlizaliwa mama mmoja, au ni mtoto wa shangazi, au ni rafiki tu? Na ukisema "yeye", ni mwanamume au mwanamke? Lugha yetu haisemi, na mimi siruhusiwi kukisia.

Maswali ya wakili wa upande wa pili ndiyo yanayotisha. Atakuuliza jambo moja mara tatu, na swali lake mara nyingi litakuwa limeshabeba jibu. "Ulikuwa umbali wa mita 5 tu, sivyo?" Kama hukupima, sema hukupima, onyesha umbali kwa kulinganisha na ukuta wa chumba. Kama swali hulielewi, omba lirudiwe. Ukigundua ulikosea awali, sema: "Naomba kurekebisha." Hakimu huandika marekebisho bila shida, kung'ang'ania kosa ndiko kunakokumaliza.

"Sijui" ni jibu kamili. "Sikumbuki" pia, na "sina hakika". Nawasihi mashahidi wasiyaonee aibu maneno haya, kwa kuwa naijua habari ya Ronald Cotton wa North Carolina, Marekani. Shahidi alimtambua kwa uhakika wote na kwa nia safi, Cotton akafungwa zaidi ya miaka 10, hadi vipimo vya DNA vilipoonyesha mwaka 1995 kwamba mhalifu ni mtu mwingine.

Ukimaliza, usiondoke. Muulize hakimu kama umeruhusiwa, kwani unaweza kuitwa tena. Na ukitoka, wale wanaosubiri zamu yao barazani watakuzunguka wakitaka kujua umeulizwa nini. Wasalimie, upite.